Maswali ya Wasomaji: Miguu ya Mzazi Imevimba, Kidonda Hakifungi

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wanaouguza wazazi nyumbani. Tumezifupisha na kuondoa majina. Tunaanza na iliyo ndefu kuliko zote, kwa sababu majibu yake yanawagusa karibu wote waliotuandikia.

SWALI: Kidonda cha miezi miwili

Mama ana miaka 78. Ana presha, anameza amlodipine miligramu 10 kila siku, na magoti yakimsumbua humeza diclofenac. Kutwa yuko kitini, na siku hizi hata usiku hulala hapohapo maana anasema kitanda kinamchosha. Miguu yote miwili imevimba. Asubuhi afadhali, jioni viatu haviingii. Mguu wa kushoto, upande wa ndani juu kidogo ya kifundo, ana kidonda kinachotoa majimaji. Tumepaka dawa za kila aina, tumenyunyizia hata unga wa kapsuli, wapi! Jirani anasema tumpe vidonge vya kukojoza alivyobakiza mumewe. Tufanyeje?
– *Kifungua mimba*

JIBU: Pole kwa kuuguza, dada. Kidonda cha mama hakijakosa dawa. Kinachokizuia kufunga ni uvimbe, na mguu ukiendelea kuning'inia kutwa kucha mtabadilisha dawa za kupaka hadi mchoke.

Damu hushuka miguuni bila taabu. Kazi ipo kuirudisha juu. Inarudishwa na misuli ya shavu la mguu, ambayo huikamua mishipa ya vena kila mtu anapopiga hatua, ikisaidiwa na vali ndogo zinazozuia damu isiteremke tena. Mzee anayeshinda kitini hapigi hatua, na vali zake huenda zimelegea. Shinikizo likipanda ndani ya vena, maji hupenya na kujaa kwenye nyama. Chembe za damu nazo huvuja, na baada ya muda ngozi ya juu ya kifundo hugeuka kahawia iliyokolea na kuwa ngumu. Ngozi ya namna hiyo hailishwi vizuri. Ukucha ukiikwaruza tu, panafunguka.

Mahali kilipo kidonda cha mama, na majimaji yake, vinaelekeza kwenye vena. Hata hivyo msimalize habari hapo. Muulizeni kwanza kwa nini kitanda kinamchosha. Je, akilala chali anakosa pumzi? Hushtuka usiku akitafuta hewa? Kama ndivyo, huenda moyo umedhoofika na haumudu kusukuma damu, na hilo linahitaji daktari wiki hii, si mwezi ujao. Kama ni mgongo au magoti tu, shida ni ndogo na dawa yake ni mito.

Pili, tazameni dawa anazomeza. Amlodipine hutanua mishipa midogo inayoleta damu lakini haitanui vivyo hivyo ile inayoiondoa, basi maji husukumwa nje kwenye nyama. Kadiri dozi inavyopanda ndivyo uvimbe unavyozidi, na miligramu 10 ndiyo dozi ya juu. Diclofenac, kama ilivyo ibuprofen, huzifanya figo zishike chumvi na maji, na tena hupandisha presha. Mama anameza zote mbili! Msiikatishe amlodipine wenyewe, presha itaruka. Chukueni pakiti zote, hata za dawa za kununua bila cheti, mziweke mezani kwa daktari na kumuuliza kama dozi inaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa, na kama kuna dawa nyingine ya magoti.

Hapo ndipo vidonge vya jirani vinapoonekana kuwa havifai. Uvimbe wa amlodipine hausikii sana dawa ya kukojoza, kwa sababu maji hayajazidi mwilini; yamehama mahali tu. Dawa ya kukojoza kama furosemide kwa mtu asiyeihitaji humkausha, hushusha potasiamu, humtia kizunguzungu akisimama, na mzee akianguka akavunjika nyonga mtakuwa mmejiongezea kazi kubwa kuliko kidonda. Daktari akiiandika baada ya vipimo, apewe asubuhi. Kama kuna dozi ya pili, isipite saa nane mchana, la sivyo ataamka usiku kucha kwenda msalani.

Vipimo vya kuomba ni mkojo (kuangalia protini), damu kwa ajili ya figo, ini na albumini (protini ya damu), sukari, na kipimo cha moyo kama anahema. Nyumbani mpimeni uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla hajala, akiwa na nguo za uzito uleule. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, hayo ni maji, wala si kunenepa. Mpigieni daktari.

Sasa mguu wenyewe. Kuuweka kwenye kigoda hakutoshi. Kisigino kinatakiwa kiwe juu kuliko moyo. Alale kitandani au kwenye kochi refu, mito iwekwe chini ya shavu la mguu lote, nusu saa, mara 3 au 4 kwa siku. Usiku alale kitandani. Mkifanikiwa hili moja tu, mtaona tofauti kabla wiki haijaisha. Akikosa pumzi miguu ikiinuliwa, mshusheni na mmpeleke kwa daktari. Akiwa kitini, kila saa apandishe na kushusha nyayo mara 20, vidole vikielekea usoni kisha sakafuni, halafu asimame na kutembea hatua chache kama anaweza.

Baada ya hapo, bendeji ya kubana. Kwa kidonda cha vena, hiyo ndiyo tiba yenyewe, na mengine yote ni wasaidizi wake. Lakini kuna sharti lisilorukwa: kwanza mhudumu wa afya apime kama damu inafika mguuni. Hupima presha ya kifundo na kuigawanya kwa presha ya mkono. Jibu likiwa kati ya 0.8 na 1.3, kwa kawaida mguu unaweza kubanwa kikamilifu. Likiwa chini ya 0.8, mtaalamu ndiye aamue kiasi. Chini ya 0.5 haubanwi, maana kuubana ni kuunyima damu kidogo iliyopo. Mwenye kisukari anaweza kupata namba kubwa ya uongo kwa sababu mishipa yake imekakamaa, kwa hiyo naye aangaliwe zaidi.

Mkiruhusiwa, mwombeni muuguzi awaonyeshe, kisha mfunge mbele yake. Bendeji yenye upana wa sentimita 10 hufungwa asubuhi kabla mama hajashusha miguu. Wayo ukae wima, kama mtu aliyesimama. Anzeni kwenye shina la vidole, mzungushe hadi kisigino kifunikwe chote, mpande juu kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, na mwishie upana wa vidole viwili chini ya goti. Chini yake tangulizeni pamba ya bendeji, hasa juu ya mfupa wa muundi, ambako ngozi ni nyembamba. Mvuto uwe uleule toka mwanzo hadi mwisho. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kulegeza chini na kukaza juu. Bendeji inageuka kamba chini ya goti na wayo unavimba kuliko jana. Kosa la pili ni kuacha kisigino wazi, maji yanakimbilia hapo. Baada ya nusu saa bonyezeni ukucha wa kidole gumba cha mguu: rangi irudi ndani ya sekunde 2 au 3. Vidole vikipoa, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi, fungueni mara moja.

Kidonda chenyewe kioshwe kwa maji safi ya kunywa, au maji ya chumvi mliyoyatengeneza: nusu lita ya maji iliyochemka dakika 10, chumvi pungufu kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa, ikiwa imepoa na kuwa vuguvugu. Yakipita saa 24, mwageni. Naweni mikono kwa sabuni, vaeni glavu, lowesheni gozi (kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda) ya zamani hadi iachie yenyewe. Gozi kavu ikibanduliwa kwa nguvu hutoka na nyama changa iliyoota kwa wiki nzima. Mwagieni maji taratibu, kausheni ngozi ya pembeni kwa kugusagusa, si kusugua. Pembeni pakeni krimu ya zinki au mafuta ya mgando ili majimaji yasiitafune ngozi nzima. Juu ya kidonda wekeni gozi yenye mafuta, isiyogandama, kisha pedi ya kunyonya, kisha bendeji. Badilisheni mara 2 au 3 kwa wiki. Ikilowa mapema, badilisheni mapema.

Unga wa kapsuli acheni kabisa. Hukauka ukawa gamba, usaha ukajificha chini yake, na mara nyingine ngozi huudhika na kuwasha mguu mzima. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huua hata chembe zinazojenga nyama mpya. Na ule utando wa njano unaonata kidondani kwa kawaida si usaha, ni nyama iliyokufa. Peke yake hauhitaji antibiotiki. Ulizeni pia kama chanjo yake ya pepopunda imepitwa na wakati.

SWALI: Kisigino cheusi na mchubuko juu ya makalio

Baba alipooza upande mmoja, yuko kitandani. Kisigino kimoja kimepata gamba jeusi, gumu. Juu ya makalio ngozi imechubuka. Tunamkalisha kwenye mto wa duara wenye tundu na kumsugua kwa spiriti kila jioni, lakini panazidi. Au tulitoboe lile gamba?
– *Watoto wa Mzee*

JIBU: Msilitoboe, na msimsugue tena kamwe hapo palipochubuka. Vidonda vya kulalia mara nyingi vinaanzia ndani, karibu na mfupa, pale nyama inapobanwa kati ya mfupa na godoro hadi damu isipite. Kinachoonekana juu ni sehemu ya mwisho kuharibika. Kusugua hurarua mishipa midogo iliyokwisha kuumia, spiriti hukausha ngozi, na mto wa duara hukata damu kuzunguka tundu lote. Nia njema, lakini vyote vitatu vinamuumiza.

Kinachomtibu ni kumwondolea mgandamizo. Anzeni kumgeuza kila saa 2, mchana na usiku, na muandike saa ya kila zamu kwenye karatasi ukutani. Mkiwa wengi nyumbani, bila karatasi kila mtu hudhani mwenzake amegeuza. Msimlaze ubavu kabisa akabebwa na mfupa wa nyonga. Mwegemezeni kidogo tu, mto mmoja nyuma ya mgongo, mwingine kati ya magoti. Kichwa cha kitanda kisiinuliwe zaidi ya digrii 30 isipokuwa wakati wa kula na muda mfupi baadaye, maana akikaa wima huteleza pole pole na ngozi ya makalio hubaki nyuma huku mfupa ukishuka. Kumpandisha juu, watu wawili washike shuka lililotandikwa chini yake, wamnyanyue. Kuburuta ndiko kulikochubua.

Visigino havitakiwi kugusa chochote. Mto ulazwe kwa urefu chini ya mashavu ya miguu, magoti yakunjike kidogo, halafu mpitishe kiganja chini ya kisigino. Kisipopita, ongezeni mto. Gamba jeusi likiwa kavu, gumu, limeshika vizuri na halina harufu, liacheni kavu, msiliroweke, ni kifuniko. Likianza kulegea, kulainika, kutoa maji au kunuka, au pembeni pakavimba, apelekwe hospitali siku hiyo. Vivyo hivyo kidonda kikiwa na kina cha kuonyesha mfupa.

Wengi huambiwa watafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Tumieni mwanga wa mchana, linganisheni upande na upande: panapokuwa na zambarau au weusi wa kupita kawaida, gusa kwa mgongo wa vidole. Joto au ubaridi usiolingana na jirani yake, ugumu kama ubao au ulaini kama tunda lililoiva mno, hiyo ndiyo dalili ya mwanzo. Akijikojolea, osheni mapema kwa maji vuguvugu, kausheni, pakeni krimu ya zinki kwa utandu mwembamba.

Na ale. Mwenye kidonda cha kulalia anahitaji protini kama gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mzee wa kilo 60 ni gramu 72 hadi 90. Yai moja lina kama gramu 6, mpige hesabu kutoka hapo. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

SWALI: Mguu mmoja umevimba ghafla

Bibi alikuwa mzima juzi. Leo mguu wa kulia umekuwa mara moja na nusu ya mwenzake, shavu linauma. Tumkande kwa maji ya moto?
– *Mjukuu*

JIBU: Usimkande wala usimchue, mpeleke hospitali leo. Uvimbe wa pande zote mbili kwa kawaida huja na moyo, figo, dawa au kukaa sana. Uvimbe wa ghafla wa mguu mmoja unaotia maumivu ni wa kushukiwa kuwa damu imeganda ndani ya vena, na kuchua kunaweza kulibandua bonge likapanda hadi mapafuni. Akianza kuhema, kuumwa kifua, kukohoa damu au kuzimia, hiyo ni dharura ya dakika, si ya saa.

Kisababishi kingine cha uvimbe wa mguu mmoja ni bakteria waliopenya chini ya ngozi: mguu huwa wa moto, umekaza, unauma, na mara nyingi kuna homa. Chora mpaka wa eneo kwa kalamu ya wino. Ukipitwa, ugonjwa unaenea. Kwa mzee homa inaweza isiwepo. Badala yake anaropoka, analala kupita kiasi, au anakataa kula. Msimsubirie kipimajoto.

SWALI: Miguu inatokwa maji bila kidonda

Ngozi ya miguu ya baba inatoa matone kama jasho, soksi zinalowa. Ina magamba, inawasha, na katikati ya vidole ni kweupe na kumechanika.
– *Mlezi*

JIBU: Ngozi imejaa maji hadi yanatafuta njia. Hakuna cha kupaka kitakachoziba. Inueni miguu, pata chanzo, na bendeji kama ilivyoelezwa juu, ikitanguliwa na pedi nene zinazobadilishwa kila siku mwanzoni. Malengelenge msiyapasue.

Ule weupe katikati ya vidole kwa kawaida ni fangasi, na hapo ndipo bakteria wanapopatia mlango, kwa hiyo msipadharau. Osheni kwa sabuni isiyo kali, kausheni kila uwazi wa kidole kwa kitambaa, pakeni krimu ya clotrimazole mara 2 kwa siku, mwendelee wiki 2 baada ya kupona. Sehemu nyingine ya mguu pakeni mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kuelekea chini, uelekeo wa vinyweleo. Katikati ya vidole msipake mafuta. Kucha zake pia zikatwe, mwasho wa usiku una mikono yake.

Kama baba ana kisukari, ongezeni jambo moja: kila jioni tazameni nyayo, hata akisema hazimuumi. Kutouma ndiko kunakotisha, kwa sababu mishipa ya fahamu imekufa ganzi. Kidonda chochote cha wayo kwake kionwe hospitali bila kungoja.

SWALI: Tutajuaje kinapona, na kikifunga ndiyo basi?

– *Msomaji*

JIBU: Macho ya anayekiona kila siku hayatambui mabadiliko. Pigeni picha siku moja ya kila wiki, rula ikiwa pembeni, mwanga uleule, na mwandike urefu na upana. Kidonda cha vena kinachobanwa vizuri kinatakiwa kiwe kimepungua waziwazi baada ya wiki 4. Kufunga kabisa huchukua miezi. Kisipopungua, mara nyingi bendeji haikazwi sawasawa, au mgonjwa huifungua mkiondoka, au mguu haupati damu. Kikikaa miezi 3 bila nafuu, hasa kingo zikiinuka na nyama kuota kupita kiasi, ombeni kipande kidogo kikatwe kipimwe, kwani saratani ya ngozi hujificha humo.

Kikifunga, vali za vena hazijarudi upya, kwa hiyo mzee avae soksi za kubana kila siku, zilizopimwa kwa mguu wake: mzingo wa kifundo na wa shavu, ukipimwa asubuhi kabla hajavimba. Kuzivisha, geuzeni soksi ndani nje hadi kisiginoni, ingizeni wayo, kisha mkunjue juu kidogo kidogo. Glavu za mpira za kuoshea vyombo husaidia kushika. Msizikunje juu zikiwa ndefu. Mkunjo hukaza maradufu na kukata ngozi. Usiku zivuliwe, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Nunueni jozi mbili ili moja ikifuliwa nyingine ivaliwe, na baada ya miezi 6 hivi badilisheni, maana mpira wake huwa umelegea hata kama kitambaa bado kizima.